Kano: Mji Uliobishania Vitabu vya Mapenzi

Wengi wetu tukiusikia mji wa Kano, ulioko kaskazini ya Nigeria, hutujia akilini mambo ya biashara na ya dini. Wala si makosa. Huu ni mji mkongwe uliozungushiwa kuta za udongo zenye malango, ingawa siku hizi sehemu kubwa ya kuta hizo imekwisha kuporomoka. Ni mji wa misafara ya ngamia iliyokuwa ikivuka jangwa la Sahara. Ni mji wa Waislamu wenye Amiri wao, ambaye kasri lake linaitwa hata leo kwa jina la Muhammadu Rumfa, aliyetawala tangu mwaka 1463 hadi 1499. Karibu na lango la Kofar Mata yapo mashimo ya kutilia nguo rangi ya nili, ambayo wenyeji husema yalianza kutumika mwaka 1498. Na wale waliosoma jiografia zamani watakumbuka picha za magunia ya karanga ya Kano, yaliyopangwa yakafanana na piramidi za Misri. Piramidi hizo hazipo tena. Zilitoweka katika miaka ya 1970.

Leo nakuomba tuuingie mji huu kwa lango jingine, lisiloandikwa katika ramani za watalii. Tufuate njia ya vitabu vya mapenzi.

Nje ya kuta za mji wa kale uko mtaa uitwao Sabon Gari, maana yake Mji Mpya, ambao Waingereza waliutenga mwanzoni mwa karne ya 20 ili wageni waliotoka kusini wasichanganyike na wenyeji. Soko la mtaa huo ni kubwa kiasi cha kumpotezea mgeni njia. Utapita penye vitambaa, penye sufuria, penye vipuri na penye dawa, na huko ndiko vilikovuma vijitabu vyembamba vyenye majalada ya rangi kali. Jalada moja lina sura ya msichana aliyejitanda mtandio, amekaa na mawazo. Jingine lina kijana na mwanamwali, na nyuma yao gari au nyumba ya fahari. Kurasa zake mara nyingi hazizidi mia moja na kidogo. Hadithi ikiwa ndefu hukatwa vipande, ikauzwa sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila moja na bei yake.

Wahausa huviita vitabu hivi littattafan soyayya. Neno la kwanza ni ndugu wa neno letu “kitabu”, kwa kuwa yote mawili yametoka kwa Waarabu. La pili ni la Kihausa hasa, nalo lina maana iliyo karibu sana na neno letu “kupendana”. Si kupenda kwa mmoja. Ni kupenda kwa wawili, huyu akampenda yule na yule akampenda huyu. Tafadhali lishike neno hilo, maana ugomvi wote nitakaokusimulia umo ndani yake. Kwamba mwanamwali hupendwa, hilo halikupata kuleta kelele mahali popote. Kelele huja anapopenda yeye, akasema, na kauli yake ikachapishwa na kuuzwa sokoni.

Fasihi ya Kihausa iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ni ya kale, kama ilivyo yetu ya pwani. Riwaya za herufi za Kirumi, hata hivyo, zilianzishwa na serikali ya kikoloni. Mwaka 1933 ofisi yake ya tafsiri, iliyokuwa chini ya Mwingereza Rupert East, ilitangaza shindano la hadithi, na waliochaguliwa wakachapishiwa vitabu vyao. Mmoja wao, Abubakar Imam, aliandika Ruwan Bagaja, hadithi ya safari ya kutafuta maji ya kuponya. Mwingine alikuwa Abubakar Tafawa Balewa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Nigeria. Ni wakati ule ule ambapo kwetu Afrika Mashariki James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa, mwaka 1934. Waandishi hawa walikuwa wanaume na wasomi, na hadithi zao zilijaa safari, majini na mawaidha. Mapenzi yalipoingia, yaliingia kama mgeni apitaye.

Ilipita karibu nusu karne kabla mwanamke hajatia jina lake juu ya riwaya ya Kihausa. Huyo alikuwa Hafsat Abdulwahid, mzaliwa wa Kano, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1980 kwa jina la So Aljannar Duniya. Mswahili hahitaji mkalimani mkubwa hapo: mapenzi ni pepo ya dunia. Majini hayakukosekana katika hadithi hiyo, lakini safari hii katikati ya mambo alisimama binti anayempenda mtu aliyemchagua mwenyewe.

Kilichofuata hakikuletwa na mwandishi mmoja, bali na mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni shule. Mwaka 1976 serikali ya Nigeria ilianzisha elimu ya msingi kwa watoto wote, mwaka mmoja tu kabla ya sisi kuanza Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977. Kwa hiyo ilipofika miaka ya 1980 walikuwapo vijana wengi, wasichana kwa wavulana, waliojua kusoma lugha yao, lakini hawana cha kusoma ila vitabu vya darasani. La pili ni shida. Mwaka 1986 Nigeria ilipokea masharti ya kurekebisha uchumi, fedha yake ikaporomoka, karatasi na vitabu vya kigeni vikapanda bei, na wachapaji wakubwa waliotegemea serikali wakalegea. Pengo hilo lilizibwa na vijana wenyewe. Walijiunga katika vyama vidogo vya waandishi, wakachanga fedha, wakaenda kwa wapiga chapa wa mitaani, kisha wakapeleka vitabu sokoni wao wenyewe. Mwandishi ndiye aliyelipa gharama, ndiye aliyehesabu faida, ndiye aliyebeba hasara. Hakuna mhariri aliyemwambia “hili limezidi”, na wala hakuna aliyemwambia “hili ni baya, liandike upya”. Mambo hayo mawili, uhuru huo na kasoro hiyo, huonekana katika kila ukurasa.

Miongoni mwa waandishi hao nataka umjue mmoja vizuri. Anaitwa Balaraba Ramat Yakubu, aliyezaliwa Kano mwaka 1959. Kaka yake alikuwa Jenerali Murtala Muhammed, kiongozi wa Nigeria aliyeuawa tarehe 13 Februari 1976. Usidhani kwamba ukubwa wa ukoo huo ulimlinda. Balaraba aliachishwa shule, akaozwa akiwa na umri wa miaka 12 hivi kwa mume aliyemzidi umri mara kadhaa. Ndoa hiyo haikudumu, akarudishwa nyumbani. Kusoma na kuandika alikupata baadaye, katika madarasa ya watu wazima, kama walivyokupata maelfu ya akina mama wa nchi yetu baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1987. Mwaka 1990 akatoa viwili ambavyo majina yake peke yake ni mazungumzo.

Kimoja kinaitwa Wa Zai Auri Jahila? Neno la mwisho unalijua: ni “jahili” wetu. Nani atamwoa jahili? Ni habari ya msichana aliyekataliwa na binamu yake msomi kwa sababu hakwenda shule, akaozwa kwa nguvu kwa mwanamume mzee, akatoroka, akasoma, akawa muuguzi. Binamu alipomwona tena, alikuwa amekwisha kubadilisha mawazo. Unaweza kusema kwamba hadithi ya namna hiyo umeisikia. Huenda ni kweli. Ila fikiri ilivyosikika masikioni mwa binti wa miaka 14 aliyekwisha kuozwa, naye anasomewa na mwenzake aliyebahatika kufika darasa la saba.

Cha pili ni Alhaki Kuykuyo Ne, na hapa pia neno la kwanza ni letu: ni “haki”. Wahausa husema kwamba haki ya mtu uliyemdhulumu ni kama kijibwa, humfuata mwenyewe hata nyumbani. Humo tunamkuta mfanyabiashara tajiri, Alhaji Abdu, mwenye mke aitwaye Rabi na watoto tisa. Mume hatoi chakula cha kutosha, na Rabi huwalisha wanawe kwa kupika na kuuza. Kisha bwana huyo anamwoa mwanamke wa mtaani, na siku ya siku anamfukuza Rabi pamoja na watoto wake. Rabi hajitupi kisimani. Anapika. Biashara inakua, watoto wanasoma, binti anaolewa vizuri. Kijibwa nacho, taratibu, kinamfuata yule bwana.

Wapo watakaouliza, mapenzi yako wapi humo? Swali hilo ni la haki. Vingi vya vitabu hivi vinaitwa vya mapenzi kwa desturi ya soko tu. Kwa hakika ni vitabu vya ndoa: nani anachagua, nani analipa, nani analala na njaa, nani ana haki ya kuondoka. Wala usitazamie mambo ya chumbani. Wapendanao wa Kano, katika vitabu vingi, huandikiana barua, huongea mlangoni wakati wa jioni, hununa, hulia, huugua kwa mawazo. Kijana wetu aliyezoea filamu za siku hizi atapiga miayo.

Sasa twende ndani ya mji wa kale tuone vilivyokuwa vikisomwa. Katika nyumba nyingi za huko mwanamke aliyeolewa hukaa ndani. Desturi hiyo huitwa kulle, nasi watu wa pwani tunaijua kwa jina la kutawa. Nyumba huanza kwa chumba cha kuingilia kiitwacho zaure, ambacho ni kama daka na sebule kwa pamoja, na mgeni wa kiume huishia hapo. Lakini kutawa si kulala. Akina mama wa Kano ni wafanyabiashara mashuhuri. Hupika, hushona, hukamua mafuta, na watoto ndio miguu yao. Mtoto hutoka na sinia kichwani, hurudi na fedha. Kwa mlango huo huo wa mtoto kitabu kiliweza kuingia. Hununuliwa na mmoja, huazimwa na kumi. Walikuwapo hata wachuuzi waliokodisha kitabu kwa siku, kwa senti chache, kwa wale wasioweza kununua. Aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua, na msomaji akifika mahali pa uchungu, kitabu kilifungwa kidole kikiwa ndani, mazungumzo yakaanza.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili, ndugu msomaji. Mwanamke wa heshima hawezi kusimama uani akasema, “Mume wangu hatupi posho.” Ni aibu yake na ya ukoo wake. Lakini aweza kusema, “Yule Alhaji Abdu ni mtu mbaya,” na wenzake wote wakajua anasema nini. Mke mwenza aweza kumtetea mke mwenza wa kitabuni, naye akaeleweka. Binti aweza kumwuliza shangazi yake kama yule msichana alifanya vema kutoroka, na shangazi akajibu bila ya kuulizwa na mtu, “Kwani wewe unataka kutoroka?” Sisi Waswahili tulikuwa na kanga kwa kazi hiyo: maneno yamo nguoni, aliyevaa hakusema neno. Kano walikuwa na kijitabu.

Na waandishi walisikia. Vitabu vingi vilichapishwa pamoja na picha ya mwandishi na anwani yake ya posta. Wasomaji wakaandika barua. Baadhi waliomba sehemu ya pili itolewe upesi. Wengine waliomba shauri juu ya ndoa zao wenyewe, kana kwamba mtu aliyeweza kumtoa Rabi katika dhiki hangeshindwa kuwatoa na wao.

Usidhani kwamba waandishi wote walikuwa wanawake, wala kwamba wote walisema lile lile. Ado Ahmad Gidan Dabino, mwanamume, alijipatia jina mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa In da So da Kauna, riwaya ya vijana wapendanao na tajiri anayetaka kuwatenganisha kwa fedha zake. Ilinunuliwa kwa makumi ya maelfu ya nakala, jambo ambalo mchapaji yeyote wa Dar es Salaam au Nairobi angelionea wivu. Bilkisu Salisu Ahmed Funtuwa, kutoka jimbo la jirani la Katsina, aliwapenda mashujaa wenye mali, magari na majumba, na hakuwa na ugomvi mkubwa na uke wenza. Kwake mke mwema na mvumilivu hupata malipo yake. Mimi, kwa maoni yangu, Balaraba ananikolea zaidi, kwa sababu katika vitabu vyake chakula kina bei na mtu anaihesabu. Lakini akina mama wa Kano walimpenda sana Bilkisu, na sioni ajabu. Mtu aliyeshinda siku nzima akihesabu bei ya mtama pengine hataki kuikuta tena kitabuni usiku.

Baraza la pili la mazungumzo lilikuwa magazetini, nalo lilikuwa la wanaume. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wasomi wa Kihausa walianza kuvishambulia vitabu hivi. Ibrahim Malumfashi, mhakiki maarufu, aliviita Adabin Kasuwar Kano, yaani fasihi ya soko la Kano, na hakukusudia kuvisifu. (Neno adabi, yaani fasihi, limetoka katika shina moja na neno letu “adabu”, nasi twaweza kutabasamu, kwa kuwa wapinzani walikuwa wakilalamika hasa kwamba vitabu hivyo havina adabu.) Walisema lugha yake ni mbovu, chapa yake imejaa makosa, visa vyake vimenakiliwa kutoka sinema za Kihindi, na mafunzo yake yanawapotosha mabinti. Waandishi wakajibu kwamba vijana wana matatizo ambayo vitabu vya darasani havikuyagusa, na kwamba ni vema watu wasome hadithi za soko kuliko kutosoma kabisa.

Katika mashitaka hayo, lile la lugha lina ukweli. Kitabu kilichoandikwa kwa haraka, kikapigwa chapa kabla fedha hazijaisha, hakiwezi kulingana na maandishi ya Abubakar Imam, ambaye Kihausa chake kimekuwa kipimo cha wengine. Visa hutegemea mno bahati: mtu hukutana na mtu hospitalini, barua huibwa, tajiri hufilisika siku ile ile inayotakiwa.

Lile la sinema za Kihindi ni refu kidogo, na wenyeji wa miji yetu watalielewa upesi. Tangu miaka ya 1950 sinema za Bombay zilivuma Kano kama zilivyovuma kwetu. Wazee wa Dar es Salaam na Unguja wanaoukumbuka wimbo wa Awara ya Raj Kapoor, na jinsi watu walivyotoka Avalon au Empress macho mekundu kwa kulia, wana ndugu zao Kano waliolia vile vile kwa Mother India. Mtaalamu Brian Larkin, aliyeishi Kano, alieleza katika makala yake ya mwaka 1997 kwa nini ilikuwa hivyo. Vijana wa Kihausa walikwisha kuona mapenzi ya kizungu katika filamu za Hollywood, na wakaona si yao: wazazi hawamo, haya haimo. Katika sinema za Kihindi waliona watu wenye mavazi ya heshima, wazazi wenye amri na ndoa zinazopangwa na ukoo, na juu ya hayo yote kijana anayeteswa kati ya moyo wake na baba yake. Walijiona wao. Sasa, je, kuchukua mfano huo na kuufanya wa Kihausa ni wizi? Fasihi yetu ya Kiswahili ilinyonya maziwa ya Waarabu na Waajemi kwa karne nyingi, na hakuna anayeiita mwizi.

Baraza la tatu halikuwa la mazungumzo. Mwaka 2000 jimbo la Kano lilipanua matumizi ya sharia ya Kiislamu hadi katika makosa ya jinai, na mwaka uliofuata ikawekwa sheria ya bodi ya kukagua filamu na maandishi. Mwaka 2007 gavana wa wakati huo, Ibrahim Shekarau, alihudhuria hafla ya kuchoma moto vitabu vya mapenzi katika shule ya wasichana. Bodi nayo ikazidi kuwabana waandishi, ikawataka wajiandikishe kwake. Wengine walikataa, wengine walinyamaza, wengine walifuata amri. Ninalotaka uliangalie ni mahali palipochaguliwa kwa moto huo. Haukuwashwa sokoni penye wauzaji, wala mbele ya mitambo ya wapiga chapa. Uliwashwa shuleni, mbele ya wasichana, mahali pale pale walipofundishwa kusoma.

Tusiwacheke watu wa Kano. Sisi wenyewe, mwaka 1976, Tanzania ilipiga marufuku vitabu vya mwandishi wa Kenya David Maillu, vilivyokuwa vikisomwa kwa kuficha maofisini na mabwenini. Najua vile vilikuwa na uchafu wa wazi, na hivi vya Kano vingi havina. Lakini hofu ya mzazi ni moja. Mama anayetandika kitanda cha bintiye akakuta kijitabu chini ya godoro, moyo humdunda, awe Fagge au Magomeni.

Kwa mama huyo, kama ananisoma Jumapili hii baada ya chakula, ningeshauri jambo moja: kabla hajakitupa jikoni, akisome. Huenda akakuta upuuzi mtupu, na hapo atakuwa na haki ya kukasirika. Huenda pia akakuta humo lile swali ambalo bintiye ameshindwa kumwuliza. Maana jambo linalobishaniwa na vitabu hivi halijaisha, na si la Kano peke yake. Hapa kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019. Majaji hao walikuwa wakiulizwa, kwa lugha ya sheria, lile lile ambalo Balaraba aliliuliza mwaka 1990 kwa vitabu vya bei ya soko.

Vitabu vyenyewe vimepungua. Redio ilivichukua kwanza: vituo vya Kano vilianza kuvisoma hewani, sura baada ya sura, na akina mama wakasikiliza huku mikono iko kazini. Kisha zikaja filamu za Kano, ambazo wengi wa watungaji wake walianzia kwenye riwaya, akiwamo Balaraba mwenyewe. Kisha ikaja simu. Siku hizi waandishi wengi, na wengi wao ni wanawake, hupeleka hadithi zao kwa vipande katika makundi ya WhatsApp. Sehemu za mwanzo ni bure, na atakaye mwisho hulipa. Si jipya sana, ukitafakari. Ni sehemu ya pili na ya tatu za Sabon Gari zilizohamia kwenye kioo. Tangu mwaka 2016 idhaa ya Kihausa ya BBC imekuwa na shindano la hadithi fupi za wanawake, Hikayata. Hilo ni neno jingine ambalo mwenyeji wa pwani atalitambua bila kamusi.

Alhaki Kuykuyo Ne nacho kimesafiri. Mwaka 2012 kilitolewa kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya Aliyu Kamal, na mchapaji wake alikuwa katika mji wa Chennai, India. Kwa hiyo nchi iliyowapelekea Wahausa sinema ililetewa riwaya.

Wasomaji hao wapya wamekwama pale pale walipokwama wasomaji wa kwanza. Karibu na mwisho Alhaji Abdu amefilisika, hana mke wala mali, na jamaa wanamwendea Rabi. Ana nyumba yake, ana fedha zake, watoto wake wamekua. Wanamwambia amrudie mumewe. Hataki; wanamsihi, wanamshurutisha, mpaka anarudi. Wapo wanaosema mwandishi aliogopa. Wapo wanaosema hapana, aliandika kama ilivyo, kwa kuwa ndivyo wanawake wanavyofanyiwa, na anayetaka mwisho mwingine aende akabadilishe jamaa, si kitabu. Wengine husema tu kwamba mume ni mume.

Basi ukijaliwa kufika Kano, nenda Sabon Gari asubuhi, kabla jua halijawa kali. Ukitamka soyayya utaeleweka. Kihausa kama hukijui, si neno. Hata kutazama majalada na kuyasoma majina, ukitafuta maneno yaliyo ndugu na yetu, ni starehe ya saa nzima. Ila ukinunua, fungua ndani kwanza uhakikishe ni sehemu ya ngapi. Wauzaji hawana tabia ya kukukumbusha, na hadithi hizi hukatwa mahali pabaya.